Nani alikufanya ushike gitaa? Wapigaji wa Uganda tukutane hapa

FundiWaNsambya (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Kazi yangu ni kutengeneza magitaa hapa Nsambya, Kampala. Shingo zilizopinda, madaraja (vile vibao vinavyoshika nyuzi tumboni mwa gitaa) yaliyobanduka kwa kupigwa jua kwenye boda, jeki zilizolegea, yote hayo huishia mezani kwangu. Jioni nafundisha vijana wachache.

Kila anayekuja kujifunza namuuliza swali moja kabla hajagusa chombo: ulimwona nani akipiga? Simuulizi anampenda mwanamuziki gani. Hilo kila mtu ana jibu lake na mimi halinisaidii. Anayesema Franco, yule wa rumba ya Kongo, na anayesema Ed Sheeran, wote nimeshawaona wakiingia mitini mwezi wa pili, vidole vikianza kuuma. Wanaobaki ni wale wanaoniambia "kulikuwa na jirani yetu", "kuna kaka mmoja kanisani", "mjomba alikuwa akija Krismasi na gitaa". Yaani watu waliokaa karibu na mkono unaopiga, wakaona kidole kinahama na sauti inahama nacho.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Redio na simu hukufanya uupende muziki. Kushika gitaa ni habari nyingine, hiyo inatoka kwa mkono uliouona kwa macho yako. Hata wakubwa ndivyo walivyoanza. Ali Farka Touré wa Mali alimwona Keita Fodéba wa Guinea mwaka 1956, akaamua papo hapo kwamba naye atapiga gitaa. B.B. King, yule wa blues wa Marekani, alilitamani gitaa la mhubiri wa kanisani kwao akiwa mtoto. Franco alionyeshwa na Dewayon, kijana aliyekuwa na gitaa lake, wakati mama yake Franco akiuza sokoni Kinshasa.

Leteni visa vyenu. Anayepinga apinge.

KichwaNgumu256

Wasichana. Nimemaliza.

MpondweKwetu

Hahaha, KichwaNgumu ametaja kwa neno moja kile ambacho wengine watakizungusha kwa aya tano humu. Haya, mkuu, ulimpata?

KichwaNgumu256

Aliolewa na mpiga kinanda.

MpondweKwetu

Banange!

MzeeWaWalukuba

Vijana, salamu kutoka Jinja. Fundi, hoja yako nimeisoma na ninaipinga.

Sisi tulikulia Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Mlango huu Mluhya, mlango ule Mjaluo, huku Msoga, kule mtu wa Kongo, ndiyo maana watoto wote tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili. Jirani mmoja alikuwa na gramafoni. Kulikuwa na sahani ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ile "Masanga" aliyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi. Ikipigwa, watoto tunakaa chini ya dirisha. Mimi na kaka yangu tulikuwa tukibishana kila mara. Mimi nasema hao ni watu wawili, mmoja anapiga nyuzi nene, mwingine nyembamba. Kaka anasema watatu. Hakuna aliyesema mmoja!

Hapo hatujaona mkono wa mtu yeyote. Gitaa lenyewe tulikuwa tumeliona kwenye karatasi ya sahani tu. Lakini tulishaanza kutengeneza letu. Kopo la mafuta, ubao wa sanduku la chai, misumari ya kukazia, na nyaya za breki za baiskeli. Waya wa breki ni wengi waliosokotwa pamoja, unaufumua unapata nyembamba na nene. Ule mwembamba ukiubonyeza unakata kidole kama wembe. Mama alidhani tunapigana shuleni.

Baadaye sana ndipo alipofika mpangaji mmoja Mkongomani mwenye gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, akatuonyesha kwamba ni mtu mmoja, kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, shahada inajibu juu. Kaka yangu alikasirika kabisa, akasema tumedanganywa.

Kwa hiyo kilichonishika mimi ni fumbo. Sikio lilileta swali kabla jicho halijaleta chochote.

FundiWaNsambya

Mzee wetu, heshima kwako. Lakini umenisaidia bila kutaka. Ungebaki na gitaa la kopo kama si yule mpangaji.

MzeeWaWalukuba

Usinigeuzie maneno, kijana wangu. Wewe umeuliza nini kinamfanya mtu aanze. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Yule mpangaji alinifanya niendelee. Hayo ni mambo mawili.

Lukwiya_wa_Redio

Mzee kapiga bao hapo.

DadaWaKatwe

Ninyi nyote mnazungumzia hamu. Mimi sikuwa na hamu yoyote.

Kanisa letu ni la watu wa Bunia na Goma, tunasali hapa Katwe. Mnajua makanisa yetu, sifa bila sebene, ile sehemu ya gitaa la kuchezesha, hazijakolea, watu wanakaa. Tulikuwa na mpiga solo hodari. Akapata safari, yeye na familia yake wakachukuliwa Kanada. Tulimwombea, tukala wali wa kumuaga, Jumapili iliyofuata gitaa limeegemezwa kwenye spika na hakuna wa kulishika. Mpiga besi yupo, ngoma zipo, katikati pana shimo. Mchungaji akatazama huku na huku, akaniuliza mimi niliyekuwa kwaya, "Wewe si ndiye unayejua nyimbo zote?" Kujua nyimbo na kujua gitaa wapi na wapi!

Nilianza na rithimu. Mpiga besi alinionyesha kodi tatu (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), do, fa na sol kama tunavyoziita sisi, akasema nyingine zitakuja zenyewe. Hazikuja zenyewe, nilizitafuta usiku na mashine ya kukuza sauti imezimwa ili majirani wasisikie. Siku ya kwanza nilipopiga mbele ya watu, mama mmoja mtu mzima alikuja baada ya ibada akaniuliza kama hakuna mwanamume kanisa zima. Nikamwambia yupo, yuko Kanada.

Kwa hiyo Fundi, niandike wapi? Sikumwona mtu, sikusikia fumbo, sikutaka mchumba. Palikuwa na kazi na hapakuwa na mtu.

MpondweKwetu

Dada, hilo la Kanada nimecheka mpaka nimemwaga chai. Na ni kweli tupu. Huku kwetu Bwera, makanisa ya mpakani, mpiga gitaa akipatikana leo, kesho amevuka kwenda Beni au amepata kazi Kampala. Anayefundishwa haraka ni yule aliyekuwa amesimama karibu zaidi. Nusu ya wapigaji ninaowajua walianza kwa sababu mwingine aliondoka.

Na tusisahau, huu mji wa Kampala umezoea vidole vya Kikongo zamani sana. Mwimbaji wa Kongo Samba Mapangala aliunda bendi ya Les Kinois hapa hapa Kampala miaka ya 70, kabla hawajahamia Nairobi mwaka 1977 na yeye kuwa na Orchestra Virunga. Watu wanadhani aliibukia Nairobi.

NyuziSita

Kwa dada wa Katwe: yule mama angeshangaa. Fender, wale watengeneza magitaa wa Marekani, walitoa utafiti wao mwaka 2018 wakasema nusu ya wanaoanza gitaa Marekani na Uingereza ni wanawake. Na hapa kwetu mwanamuziki Tshila anapanda jukwaani na gitaa lake tangu zamani, hamjamsikia?

DadaWaKatwe

Namjua. Yule mama hamjui.

MwanaPakwach

Niongeze la West Nile. Kwetu mtoto haanzi na gitaa, anaanza na adungu, chombo chetu cha nyuzi. Shule ya msingi kuna kikundi, kanisani kuna kikundi, zipo za ukubwa wote, kuanzia ndogo ya kupakata hadi ile ya besi inayokuzidi kimo. Mti unachimbwa, unavalishwa ngozi, shingo imepinda kama upinde, uzi mmoja sauti moja.

Na hapo kwenye uzi mmoja sauti moja ndipo penye sababu yangu. Mwimbishaji wetu alikuwa na tabia ya kupandisha wimbo katikati bila taarifa. Waimbaji wanapanda naye, sisi wa adungu tumebaki chini. Kubadilisha sauti ni mpaka uzungushe vigingi vyote, na wimbo haukungoji. Siku moja kwenye harusi niliona mtu wa gitaa, bwana harusi mwenyewe anaimba na anapanda anavyotaka, yule jamaa anasogeza mkono freti mbili tu (vile vyuma vinavyokatiza shingo) na maisha yanaendelea. Nikasema hicho ndicho chombo.

Kwa hiyo mimi nilivutwa na ufundi, sikuvutwa na muziki wa gitaa. Mpaka leo napiga gitaa kwa mkono wa adungu, vidole vya mikono yote vinataka kukwanyua na vya kushoto inabidi nivikumbushe kwamba kazi yao ni kubonyeza. Marehemu Geoffrey Oryema, mwanamuziki wa Uganda, alikuwa hivyo, nanga na lukeme (vyombo vya asili) na gitaa kwa mkono ule ule. Sikilizeni albamu yake ya mwaka 1990, Exile, mtaelewa ninachosema.

FundiWaNsambya

MwanaPakwach, jamaa wa harusini ni mkono uliouona! Nahesabu hiyo ni yangu.

MwanaPakwach

Hesabu. Lakini bila mwimbishaji wetu mkorofi ningemtazama nikaenda kula pilau.

MgandaWaKiswahili

Naandika Kiswahili changu cha Kikoosi, mnivumilie. Baba alikuwa askari, nilijifunzia kambini.

Likizo tulikuwa tunakwenda kwa babu Masaka. Babu alikuwa mtu wa kadongo kamu hasa. Herman Basudde, Paulo Kafeero, na wale wa zamani kama Christopher Sebadduka. Mkiwa mnajua kadongo kamu, mtajua kwamba gitaa pale si mfalme. Mtu ana gitaa moja kavu na anakusimulia kisa kirefu, ugomvi wa shamba, mke mwenza, kifo, dereva mlevi, na wewe huwezi kuondoka mpaka ujue kilichompata. Babu alikuwa akizima redio kama kisa kimekatishwa na matangazo, halafu anatumalizia yeye kwa maneno yake.

Mimi nilitaka kusimulia. Ni hilo tu. Katika ukoo wetu mtoto wa mwisho hana zamu ya kuongea, wakubwa wanaongea mpaka chakula kinapoa. Nikagundua kwamba mwenye gitaa hakatizwi. Ukiwa na maneno matupu shangazi anakuingilia, ukiwa na gitaa mapajani anangoja umalize. Basudde alifariki 1997, Kafeero 2007, babu naye alishatangulia, na bado kwenye misiba ya kwetu nikishika gitaa watu wananyamaza. Nina kodi chache sana, Fundi anaweza kunicheka. Sijawahi kutaka kujua solo.

FundiWaNsambya

Sikucheki hata kidogo. Hii ndiyo sababu niliyokuwa siijui. Nimewafundisha watu kama wewe na nikawa nawalazimisha skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka sauti.

Lukwiya_wa_Redio

Lo, mwalimu wa skeli. Ndiyo maana wanaingia mitini.

S6_Leaver

Naona hakuna aliyetaja korona. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, sisi wa madarasa mengine tukaja kurudi kwa ukamilifu Januari 2022. Nyumbani Mbale, mvua, hakuna pa kwenda, amri ya kutotoka usiku. Gitaa la kaka lilikuwa juu ya kabati, nyuzi mbili hazipo. Nilianza kwa sababu nilikuwa nimechoka kutazama ukuta.

Sikumwona mtu, Fundi. Hakuna jirani, hakuna mjomba. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka na bando la usiku. Nilifuata masomo ya yule Justin Sandercoe wa JustinGuitar, ya bure. Leo napiga hotelini wikendi na nalipwa. Wenzangu wengi wa mtaa walianza hivyo hivyo.

NyuziSita

Dunia nzima ilikuwa hivyo. Fender walisema 2020 waliuza kuliko mwaka mwingine wowote katika historia yao.

MzeeWaWalukuba

Waliuza. Je, wanapiga?

NyuziSita

Hapo sasa, mzee. Mkuu wao wa wakati ule, Andy Mooney, aliwahi kusema kwamba karibu asilimia 90 ya wanaoanza huacha ndani ya mwaka wa kwanza.

FundiWaNsambya

Mnaona? Na huyo Justin anafanya nini kwenye video? Kamera imekaza kwenye vidole vyake. S6, wewe ulikaa karibu na mkono kuliko mimi niliyekuwa nikichungulia dirishani kwa mwalimu wangu. Video ni jirani aliye tayari kurudia bila kuchoka.

S6_Leaver

Mwanzo ulisema redio na simu hazimfanyi mtu ashike gitaa. Sasa simu imekuwa jirani. Mkuu, unahamisha goli.

KichwaNgumu256

Fundi ana hoja ya mpira, kila upande ukipiga inadunda kwake.

FundiWaNsambya

Haya, hapo nimebanwa. Redio naiacha kwa mzee, simu naiacha kwa S6. Lakini ubishi wa mezani kwangu utabaki pale pale: atakayesema "kuna kaka kanisani" namwekea nafasi.

MpyaNakivale

Jamani habari. Nimesoma uzi wote. Mimi niko Nakivale, Isingiro. Nina hamu, sababu nisiulizwe, ni ya KichwaNgumu. Nina laki mbili na kidogo, kuna mtu ananiuzia gitaa kavu lililotumika. Naogopa kuibiwa. Niangalie nini?

FundiWaNsambya

Karibu ndugu. Sababu yako imepokelewa.

Kwanza tazama nyuzi ni za chuma au za nailoni. Kichwa chenye matundu mawili marefu yaliyokatwa katikati na shingo pana, hilo limetengenezwa kwa nailoni. Kama mwuzaji amelifunga nyuzi za chuma, likimbie, au mshushe bei sana, kwa sababu chuma kinavuta kwa nguvu kuliko daraja lilivyogundishwa. Tazama nyuma ya daraja. Ukiona mwanya wa kupitisha karatasi, limeshaanza kubanduka.

Pili, funga jicho moja, lichungulie shingo kutoka kichwani kama unavyochungulia ubao kuona umepinda. Halafu pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12. Kwa gitaa la chuma, milimita 2 hadi 3 ni raha. Ikizidi 4, vidole vyako vitalia na utadhani huna kipaji kumbe ni gitaa. Watu wengi sana wanaacha kwa ajili ya hilo moja. La nailoni linaruhusiwa kuwa juu kidogo.

Tatu, bonyeza kila freti, kila uzi, sikiliza kama kuna pa kukwaruza. Usione haya, mwuzaji atasubiri.

Na ukilinunua, usilifunge nyuma ya boda juani kutoka Mbarara. Gundi inalegea.

DadaWaKatwe

Mpya, ukipata la nailoni lichukue, ngozi ya vidole itakushukuru. Lakini kwa kanisani halisikiki bila maiki.

MzeeWaWalukuba

Na kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, usinunue. Chukua penseli, ilaze juu ya nyuzi, ifunge kwa mpira wa tairi la baiskeli. Sisi tulipiga hivyo na hakuna aliyelalamika.

FundiWaNsambya

Mzee, inakwangua shingo.

MzeeWaWalukuba

Shingo ya kopo ilikwanguka lini?

MpyaNakivale

Asanteni sana. Nimemuuliza, amesema ni la nailoni lakini nyuzi mbili zimekatika, ile ya kwanza na ya tatu. Huku sijaona pa kununua.

DadaWaKatwe

Ninazo seti mbili za nailoni hapa, yule wa Kanada aliziacha. Nikitia kwenye basi la Mbarara, una mtu wa kuzipokea stendi?

MpyaNakivale

Ninaye binamu anauza chapati pale. Nakutumia namba pembeni, dada.

KichwaNgumu256

Mpya, jifunze na kinanda pia. Nakushauri kama mkubwa wako.